Kutunga utenzi wa Chicago 1919: mwongozo kamili wa ushairi wa mauaji ya kibaguzi mijini

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kuhesabu mizani, aliyewahi kutunga hata beti chache, na sasa anataka kuligusa jambo zito: historia ya watu weusi kuuawa mijini kwa sababu ya rangi yao. Nimechukua mji mmoja na wiki moja, Chicago, mwishoni mwa Julai 1919, kwa sababu mbili. Kwanza, tukio hilo limeandikwa kwa mapana kuliko mengi ya aina yake, na waraka wake mkuu uko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Pili, chombo cha kulibeba tunacho. Utenzi ni daftari letu la vita tangu zamani. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliandika jinsi Wajerumani walivyoitwaa Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini akaandika vita vya Maji Maji, wote kwa vipande vya mizani minane. Anayesema umbo hilo ni la mawaidha tu, hajawasoma.

Naanza na msimamo wangu, maana hatua zote zinazofuata zinautegemea. Shairi la mauaji ya kibaguzi lianze kabla jiwe halijarushwa. Mashairi mengi ya namna hii yanaanzia kwenye damu na kuishia kwenye machozi, na msomaji anafunga ukurasa akidhani chuki ilinyesha ghafla kama mvua ya masika. Haikunyesha. Ilijengwa, nyumba kwa nyumba, kazi kwa kazi, na mshairi asiyeonyesha ujenzi huo anawasaidia walioujenga.

Hatua ya 1: Yajue matukio kwa mpangilio wake

Usiguse kalamu ya shairi kabla hujaweza kumsimulia mtu kisa chote bila kutazama popote.

Jumapili, 27 Julai 1919, joto lilikuwa kali, na watu wa Chicago walikuwa wamemiminika kwenye ufuo wa Ziwa Michigan. Weusi waliogelea karibu na mtaa wa 25, weupe karibu na mtaa wa 29. Hakuna sheria iliyochora mpaka kati yao, hapakuwa na kamba wala bango, ila kila mtu aliujua. Mvulana mweusi aitwaye Eugene Williams, miaka 17, aliingia upande wa weupe akiwa majini. Mtu mweupe alirusha mawe. Eugene akazama. Mashahidi weusi walimwonyesha polisi mweupe aliyekuwepo mtu wanayemtuhumu, wakadai akamatwe. Polisi hakumkamata.

Habari zikaenea, watu wakakusanyika, mapigano yakaanza. Jumatatu jioni wafanyakazi weusi waliokuwa wakitoka machinjioni walivamiwa njiani. Tramu zilisimamishwa kwa kung'olewa nguzo zake kwenye nyaya za umeme, abiria weusi wakavutwa nje na kupigwa. Jumanne wafanyakazi wa tramu waligoma, hivyo watu walilazimika kwenda kazini kwa miguu, wakipita katikati ya mitaa iliyokuwa ikiwawinda. Askari wa jimbo waliingia mitaani Jumatano usiku, tarehe 30. Jumla ya waliokufa ni 38: weusi 23 na weupe 15. Majeruhi 537.

Baadaye gavana wa Illinois aliunda tume ya watu 12, sita weusi na sita weupe. Ripoti yake, iitwayo The Negro in Chicago, ilichapishwa 1922, ina kurasa zaidi ya 600, na sehemu kubwa ya utafiti na uandishi wake ilifanywa na mwanasosholojia mweusi Charles S. Johnson. Hakimiliki yake imekwisha, kwa hiyo inapatikana bure kwenye Internet Archive. Huo ndio waraka wako mkuu. Ni wa Kiingereza kizito cha ofisini. Soma kwanza sura inayosimulia vurugu zenyewe, kisha sura ya makazi. Nyingine utazirudia ukihitaji.

Hatua ya 2: Fungua daftari la sehemu tatu

Gawa daftari sehemu tatu: yaliyothibitika, yanayobishaniwa, na yaliyoachwa. Sehemu ya kwanza itajaa upesi. Ya pili ndiyo mgodi wa mshairi, na hapa naomba tusiharakishe.

Ripoti ya tume inasema Eugene alikuwa ameshikilia taruma la reli, yaani gogo la kulazia reli, majini wakati mawe yanarushwa. Lakini mmoja wa wavulana waliokuwa naye siku ile, akiwa mzee, alimsimulia mwanahistoria kisa kingine. Walikuwa na chelezo walichokiunda wenyewe kwa siri, wakikiongezea mbao kwa muda wa miezi miwili hivi. Kilikuwa na urefu wa futi 14 na upana wa futi 9. Walikificha mahali pao pa faragha, nyuma ya kiwanda cha bia na kampuni ya barafu. Viwanda hivyo vilimwaga maji ziwani, kimoja ya moto na kingine ya baridi, na wavulana wakapaita mahali pale kwa majina hayo mawili, moto na baridi. Kwa simulizi yake, jiwe lilimpata Eugene kwenye paji la uso akateleza chini. Uchunguzi wa maiti ulisema mwili haukuwa na alama ya jiwe: alizama kwa sababu mawe yalimzuia kuja ufukweni.

Taruma au chelezo? Jiwe lilimpiga, au alikufa kwa kuogopa kutua nchi kavu? Mwanahistoria itambidi apime. Wewe unaweza kuviweka vyote viwili kwenye ubeti, bega kwa bega, na kumwacha msomaji aone kwamba vyovyote iwavyo kijana hakupewa nafasi ya kufika ufukweni. Nakusihi tu usichague toleo moja kwa kuwa lina vina vizuri zaidi. Hapo utakuwa umedanganya kwa niaba ya marehemu, na yeye hawezi kukukosoa.

Sehemu ya tatu, yaliyoachwa, ijaze kwa maswali. Tume ilitaka kujua vurugu zilianzaje. Haikukaa kutuandikia Eugene alichekaje, wala nani alimsubiri nyumbani jioni ile. Andika maswali hayo yabaki maswali. Utayahitaji kwenye hatua ya sauti.

Hatua ya 3: Rudi nyuma ya jiwe

Chukua karatasi mpya na uandike mambo matano yaliyokuwepo Chicago kabla ya Julai. Haya hapa ya kuanzia.

Idadi ya watu weusi mjini iliruka kutoka kama 44,000 mwaka 1910 hadi kama 109,000 mwaka 1920. Walitoka majimbo ya kusini kwa treni, wakikimbia mashamba ya pamba yasiyowalipa na makundi ya watu waliowanyonga hadharani. Viwanda vya kaskazini viliwahitaji kwa sababu vita vya Ulaya vilikuwa vimekata uhamiaji wa wafanyakazi weupe. Gazeti la weusi, Chicago Defender, liliwahimiza waje.

Walipofika walibanwa kwenye ukanda mwembamba wa Kusini mwa mji. Upande wa magharibi barabara ya Wentworth ilikuwa mpaka, na vijana wa klabu za michezo za weupe waliulinda kwa ngumi. Familia nyeusi iliyothubutu kununua nyumba nje ya ukanda huo iliweza kuamshwa na bomu: ripoti inahesabu milipuko 58 kwenye nyumba za weusi, na za watu waliohusika kuwauzia au kuwapangishia, kati ya Julai 1917 na Machi 1921. Isome tena namba hiyo. Mabomu yalianza miaka miwili kabla ya Eugene kuingia majini.

Ongeza na askari. Kikosi cha weusi wa Illinois kilichopigana Ufaransa kilirudi Chicago mapema 1919 na kupokewa kwa shangwe. Walikuwa wamevaa sare ya nchi yao, wamefyatuliwa risasi kwa ajili yake, kisha wakarudi kwenye mji uliokuwa ukiwaambia ni upande gani wa ziwa waogelee.

Sasa jaribu ubeti mmoja wa hatua hii. Wangu ni huu:

*Walitoka kwenye pamba,*
*wameikimbia kamba,*
*wakakosa hata chumba*
*mjini walikofika.*

Vipande vinne, mizani minane kila kimoja, vina vitatu vya -mba na bahari ya -ka ambayo itaendelea mpaka mwisho wa utenzi. Hakuna neno chuki humo, hakuna neno ubaguzi. Kuna pamba, kamba, chumba. Msomaji atajumlisha mwenyewe.

Hatua ya 4: Amua nani anasema

Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi, na inastahili siku kadhaa za kufikiri kabla ya kuandika.

Njia rahisi ni kujivika nafsi ya marehemu: "Mimi Eugene nazama." Naipinga, hasa kwa mtunzi aliye mbali na watu wale kwa miaka mia na kwa bahari nzima. Ukisema ndani ya kinywa chake unampa maneno ambayo hakuyasema, na mara nyingi utampa yale yanayokupendeza wewe. Sauti zifuatazo zina uaminifu zaidi.

Msimulizi wa utenzi, yule wa jadi anayeanza kwa dua na kuomba karatasi na wino, ana faida kubwa: anaweza kukiri wazi kwamba anasimulia alichokisoma. "Nimeona kwenye kitabu" ni maneno halali kabisa ya utenzi. Sauti ya "sisi" inafaa kwa umati, na umati wa aina zote mbili: sisi tuliokimbia, na, ukithubutu, sisi tuliokimbiza. Sauti ya kitu nayo ina nguvu. Maji yale ya moto na baridi yaliona yote. Kalamu ya karani wa tume iliandika yote. Wachache hutumia sauti ya karani, nami naipenda, kwa sababu inakuruhusu kuwa mkavu hadi msomaji aombe ulie.

Kuna mfano wa kujifunza kutoka kwa mshairi wa mji huohuo. Gwendolyn Brooks, mwanamke mweusi wa Chicago, alipoandika juu ya machafuko yaliyofuata kuuawa kwa Martin Luther King mwaka 1968, alifungua shairi lake akiwa amemwelekezea macho tajiri mweupe anayeogopa watu wanaomjia barabarani. Alimweka katikati yule ambaye kwa kawaida ndiye mtazamaji. Jiulize katika kisa chako ni nani amezoea kutazama bila kutazamwa, kisha mgeuzie taa.

Hatua ya 5: Chagua umbo, na ulichague kwa sababu

Mwezi uleule wa Julai 1919, Claude McKay, mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa mhudumu kwenye treni, alichapisha jaridani shairi la mishororo 14 akiwaita watu wake wasife bila kupigana. Alitumia umbo la kale na kali la Kiingereza, lenye kila kina mahali pake. Halitaji Chicago, wala halitaji rangi ya mtu. Hasira ilikuwa kubwa, akaitafutia chombo kigumu ili isimwagike ovyo. Arudhi yetu inaweza kazi hiyohiyo.

Utenzi unafaa kwa kisa kirefu chenye siku nyingi, kwa sababu kipande kifupi kinakusukuma mbele na hakikuachii nafasi ya kuhubiri. Tarbia ya mizani 16 inafaa kwa tukio moja unalotaka kulizunguka, hasa ukitumia kituo kinachorudiwa. Jaribu kituo kama hiki: *Hesabu imeandikwa, aliyeua hatajwi.* Kinarudi mwishoni mwa kila ubeti, na kila kikirudi kinauma zaidi kwa sababu beti zinazidi kujaa. Shairi huru nalitumia pale ninapotaka kuingiza maneno ya ripoti yenyewe, kwa tafsiri yangu, bila kuyakata yaingie kwenye mizani. Unaweza kuchanganya: utenzi wenye vipande vya ripoti katikati, vikiwa vimeandikwa kwa nathari.

Majina ya kigeni yanaogopesha watunzi bure. Yaandike kwa tahajia yake, uyahesabu kama tunavyoyatamka. Eugene ni Yu-ji-ni, mizani mitatu. Michigan ni Mi-shi-ga-ni, minne. Kwa hiyo *Eugene, kumi na saba* ni kipande kamili cha mizani minane, na kwa maoni yangu kimekwishasema mengi.

Hatua ya 6: Andika ubeti mbovu, kisha uubomoe

Ubeti ufuatao hauna kosa la arudhi hata moja:

*Ewe jiwe lenye chuki,*
*umeua bila haki,*
*dunia hii ya dhiki*
*machozi yananitoka.*

Hesabu, utakuta minane mara nne. Vina vimetimia. Lakini hauna mji, hauna mwaka, hauna mtu. Unaweza kuusoma kwenye msiba wowote duniani. Tena umelitwika jiwe chuki na kuunyang'anya mkono, na mwishoni aliyebaki jukwaani ni mshairi na machozi yake. Mtunzi wa kwanza hujisikia vizuri sana baada ya ubeti huu, na hapo ndipo hatari yake ilipo.

Rudi kwenye daftari, sehemu ya yaliyothibitika. Chukua tendo moja tu, dogo, lenye watu ndani yake:

*Polisi alisimama,*
*mashahidi wakasema*
*"Ni yule." Akatazama,*
*na wala hakumshika.*

Vitenzi vinne vinabeba ubeti mzima. Hakuna kivumishi. Kituko chenyewe, kwamba sheria ilikuwepo ufukweni, ikaonyeshwa mtuhumiwa, ikatazama, ndicho kinachomchoma msomaji. Ripoti ya tume inaongeza jambo linalodaiwa kutokea papo hapo: kwamba polisi huyo alimkamata mtu mweusi kwa malalamiko ya mtu mweupe. Ubeti huo uandike wewe, na ukumbuke kuweka neno la kuonyesha kwamba ni dai. "Wanena" litatosha, na ni mizani mitatu tu.

Hatua ya 7: Winda kila kitenzi cha kutendwa

Maliza rasimu nzima kwanza. Kisha chukua kalamu nyekundu na uzungushie kila *alipigwa*, *aliuawa*, *zilichomwa*, *walifukuzwa*. Kwa kila kimoja uliza: na nani? Ukijua, mtaje au ugeuze kitenzi: *walimpiga*, *walizichoma*. Nyaraka za serikali hupenda kutendwa, kwa kuwa huko nyumba huungua zenyewe na watu hufa wenyewe. Ukiuiga mtindo huo bila kujua, shairi lako litakuwa nakala ya ripoti yenye vina.

Zipo nyakati ambapo mtendaji hajulikani kweli. Hapo acha kitenzi cha kutendwa, lakini ubeti uonyeshe kwamba nafasi ya jina iko tupu. Kile kituo cha tarbia nilichotaja kinafanya kazi hiyo.

Hatua ya 8: Zitunze namba

Namba 38 ikiingia kwenye shairi mara moja tu, mwanzoni, inasahaulika. Kuna njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni kuihesabu: mtu mmoja, ubeti mmoja, kwa saa na mahali pake kama tume ilivyoeleza vifo hivyo. Ni kazi ndefu, lakini hakuna njia ya heshima zaidi. Ya pili ni kuigawa: 23 na 15. Usiwafiche wale weupe 15. Wengine watakushauri uwaache ili ujumbe uwe safi. Mimi nasema waweke, kwa sababu msomaji akija kuwagundua mahali pengine hatakuamini tena, na kwa sababu ukweli wa weusi waliojihami mitaani mwao ni sehemu ya kisa hiki.

Halafu chunga jinsi namba zinavyobadilika zikitembea. Ripoti inasema watu wapatao 1,000 waliachwa bila makazi. Kwenye makala nyingi za siku hizi utakuta "familia 1,000 za weusi". Ilhali moto mkubwa wa Agosti 2, nyuma ya machinjio, uliunguza nyumba za wahamiaji kutoka Lithuania. Nenda kwenye waraka wa kwanza kila mara.

Hatua ya 9: Picha, damu na matusi

Picha zinazojulikana zaidi za wiki ile zilipigwa na Jun Fujita, Mjapani aliyefanya kazi gazetini Chicago. Baadhi zinaonyesha weupe wakimpiga mawe mtu mweusi ubavuni mwa nyumba. Fujita alikuwa mshairi pia. Mwaka 1923 alichapisha kitabu cha tanka, zile tungo fupi za Kijapani za mistari mitano. Mtu aliyezoea kuyaweka mambo kwenye mistari mitano ndiye aliyesimama pale na kamera. Ukizitazama picha zake, orodhesha vilivyomo bila kivumishi: kofia, mashati, mikono, ukuta. Acha orodha ilale siku moja. Kisha ondoa nusu.

Kuhusu damu: weka inayohitajika ili msomaji asidhani ilikuwa ugomvi wa maneno, uishie hapo. Maumivu ya mtu mweusi yamegeuzwa tamasha mara nyingi mno. Kadi za posta za watu walionyongwa ziliuzwa Marekani. Matusi ya rangi nayatia tu yakiwa kinywani mwa mtendaji anayeonekana kwenye ubeti, na kwa uchache. Kuyatafsiri kwa tusi la Kiswahili la kabila au rangi fulani ya kwetu naona ni hatari: linavuta chuki nyingine ndani ya shairi ambayo hukuiandalia nafasi.

Hatua ya 10: Panga beti, na usikomee kwenye moto

Kwa utenzi wa beti 60, napendekeza mgawanyo huu: beti 22 za kabla ya jiwe, beti 8 za majini na ufukweni, 16 za wiki ya mapigano, na 14 za baadaye. Usiipunguze sehemu ya mwisho. Baadaye ndipo mji ulipoonyesha ulichojifunza.

Mambo ya kuweka huko: baraza la raia linaloamua nani ashtakiwe liliona kesi zinazoletwa ni za weusi mfululizo, likagoma kusikiliza zaidi mpaka weupe nao waletwe. Baraza lenyewe, nasisitiza, ndilo lililogoma. Kuna beti tatu nzuri ndani ya tukio hilo. Kisha, miaka ya 1920, mabomu yalipokewa na kalamu: wenye nyumba waliwekeana mikataba ya kutowauzia wala kuwapangishia weusi, na mikataba hiyo ililindwa na mahakama hadi 1948, Mahakama Kuu ya Marekani ilipokataza mahakama kuitekeleza. Mpaka ule wa majini, usiokuwa na kamba, ukawa sasa na muhuri.

Hatua ya 11: Pima, halafu toa

Soma kwa sauti, na ikiwezekana ghani. Utenzi unaokwama kinywani una mizani ya macho tu. Mpe msomaji asiyejua lolote kuhusu Chicago, umuulize mambo matatu: ni wapi, ni lini, ni nani alifanya nini. Akishindwa moja, rudi hatua ya 6.

Kisha, kama una njia ya kumpata, mpe Mswahili anayeishi Marekani na watoto wake wanasoma shule za huko. Atakuonyesha mahali ulipoandika kama mtalii. Msikilize hata kama kina kitavunjika.

Ukichapisha, weka chini ya utenzi aya fupi ya nathari: matukio gani yamethibitika, wapi umeweka pande mbili, wapi umebuni sauti. Shairi halipungukiwi kitu kwa aya hiyo, na mwalimu atakayelipeleka darasani atakushukuru.

Baada ya Chicago utaweza kugeukia karibu zaidi. Nairobi, 16 Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi ukidai Harry Thuku, mpinzani wa ukoloni aliyekuwa amekamatwa, aachiwe. Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea wanaume waliotaka kurudi nyuma, polisi wakafyatua risasi, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Hesabu ya serikali ilikuwa 21, na habari za walowezi waliofyatua kutoka barazani mwa hoteli iliyokuwa jirani zimesimuliwa tangu siku ile. Daftari la sehemu tatu litajaa. Unguja ya ghasia za uchaguzi za Juni 1961 na ya mapinduzi ya Januari 1964 nayo inangoja mtunzi, lakini huko anza na wazee kabla ya nyaraka, wa pande zote, na uende kwa ruhusa yao, kwa sababu watoto wa waliouawa na watoto wa walioua bado wanasalimiana sokoni.